Mfuko wa Ndani

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mume wangu,

Umekufa ukaacha pasi inawaka. Miaka thelathini na moja unanisema kwamba mimi ndiye nitakayeliunguza duka hili kwa usahaulifu wangu, halafu wewe ndiye unaanguka Jumamosi saa nne asubuhi, bila hata kuaga, na pasi iko juu ya suruali ya mtu. Kishindo sikukisikia, mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Nilichosikia ni harufu. Nikatoka kaunta nikipiga kelele, "Mzee, unaunguza!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyokwambia. Mpaka sasa siamini. Nakaa, nasimama, nakwenda kule nyuma kukuuliza kama umekufa kweli.

Binti yetu amefika jana. Amekwenda hospitali kusaini makaratasi, karudi na mfuko wa nguo ulizofia. Kesho asubuhi anapeleka suti ya kukuvalisha. Nimeipiga pasi mwenyewe, na nimerudia mara tatu, kwa sababu najua ungeitazama ile mistari ya suruali ungesema, "Nani huyu amechora mto unaopinda hapa?" Barua hii naiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto.

Wewe kusoma hujui, na usijifanye. Kwa hiyo sasa nasema na wewe utakayemsomea. Sikujui. Lakini huko aliko hawezi kukosekana mtu mmoja anayejua kusoma. Tafadhali, msomee kwa sauti, polepole, maana sikio lake la kulia halisikii vizuri, naye ni mbishi, hatakwambia.

Mwambie mambo mawili. La kwanza, nyuzi. Huyu bwana kwa kuwa herufi zilimkataa tangu utotoni, nguo za wateja alizitia alama kwa uzi: rangi yake na idadi ya mafundo. Mimi naandika risiti huku mbele, yeye anafunga nyuzi kule nyuma, na kila mtu alipata nguo yake. Sasa nina nguo arobaini na sita zimening'inia, na ufunguo wa nyuzi zake kaondoka nao kichwani. Wateja wanakuja, nami natazama nyuzi kama kuku anayetazama gazeti. Wenye uzi mwekundu mafundo mawili ni nani? Wa kijani fundo moja ni nani? Amwambie mtu anieleze.

La pili, mwambie... Hapana. La pili nitamwambia mwenyewe.

Mkeo


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mama,

Samahani kwa kukuandikia bila kujuana. Mimi ndiye niliyemsomea mumeo barua yako. Nilisoma kwa sauti, polepole, nikiwa nimesimama upande wake wa kushoto kwa sababu ya lile sikio. Nilipomaliza nikarudia tena tangu mwanzo.

Sikukusudia kujibu. Kazi yangu haina uandishi. Lakini uliniomba kitu, na ulisema tafadhali, na tangu nianze kazi hii ni mara ya kwanza mtu kuniambia neno hilo.

Uzi wa kijani fundo moja ni wa yule mtu wa makoti meupe anayekuja kwenu Jumatatu. Hilo nina hakika nalo. Huo mwekundu sijui, na sitaki kukudanganya.

Barua hii naiweka katika nguo za marehemu mwingine, zile zinazorudishwa kwa familia. Najua familia nyingi huzileta kwako zifuliwe, na najua kwenu nguo haiingii majini mpaka mifuko yake yote iguswe mara mbili.

Pole sana, mama. Pole sana.

Msomaji


Jumatano, tarehe 19 Machi

Mume wangu, na wewe Msomaji,

Naandika juu ya goti, kwa hiyo mnisamehe mwandiko.

Barua yako, Msomaji, niliikuta kwenye suruali ya mwalimu mstaafu aliyefariki wiki iliyopita. Mkewe kaileta ifuliwe. Nikagusa mfuko mara ya kwanza, nikadhani ni risiti. Nikagusa mara ya pili, nikaifungua. Mungu wangu! Beseni likaniponyoka, maji yakaenda mpaka kwa muuza viatu wa jirani, akaja mbio akiuliza kama bomba limepasuka. Nikamwambia ndiyo, limepasuka. Ningemwambia nini?

Siku nne nilijiambia kuna mtu ananichezea. Basi Jumatatu akaja yule wa makoti meupe, yule mpole, nadhani ni wa maabara. Hata risiti sikumwomba. Nikaenda nyuma, nikatafuta uzi wa kijani fundo moja, nikamwekea koti lake juu ya kaunta. Lake! Mwenyewe alibadilika rangi, akaishika kaunta kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Usishtuke baba, mimi nina mtu wangu ananielekeza." Akaondoka hata kwaheri hakusema. Maskini, nimemtisha bure.

Kwa hiyo ni kweli. Siri ya nyuzi alikuwa nayo mtu mmoja tu chini ya jua, na mtu huyo ni wewe. Uko mahali. Nimetembea dukani mchana kutwa nikisema kwa sauti, "Yuko mahali," mpaka wateja wakaanza kunitazama kwa huruma.

Sasa nijibu. Unakula? Unalala ubavu gani? Hayo malango tuliyohadithiwa yapo? Wanauliza nini mtu akifika? Kama wanauliza mambo makubwa uliyofanya duniani, mume wangu, utawajibu nini wewe, maisha yako yote ulinyoosha mashati! Nimekaa naogopa kwa niaba yako. Msomaji, kama anaona aibu kusema, msaidie. Waambie kola zake zilikuwa hazina mpinzani.

Naiweka kwenye suti ya marehemu dereva wa lori. Suti itambana kidogo, ni ya ujanani mwake. Mvumilieni.

Mkeo


Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mama,

Maswali yako ni mengi kuliko karatasi niliyonayo. Nitajibu ninayoweza.

Malango sijayaona. Ipo korido ndefu, na taa moja isiyotulia, na mtu anafika na vumbi lake la miguuni vilevile. Mkubwa na mdogo wanapitia mlango mmoja. Kazi ya kwanza hapa ni mifuko, kama kwenu. Kila anayefika mifuko yake inakaguliwa, na mama, hilo bado linanishtua mpaka leo: mfukoni mwa mtu sijawahi kukuta kitu kikubwa. Mkurugenzi mmoja aliyeogopwa na mji mzima alifika na risiti ya viatu vya mtoto, saizi ishirini na nane. Bibi mmoja alikuwa na kitunguu. Mwanajeshi alikuwa na kipande cha chaki. Nimetafuta mfuko wenye jambo kubwa kwa muda mrefu sana, sijaupata.

Kisha wanakaa pamoja, na kila mmoja anaulizwa habari za kile kitu chake tu. Vyeo haviulizwi. Mkurugenzi alisimulia habari za vile viatu siku tatu, na alilia alipofika pale mtoto alipofunga kamba mwenyewe.

Mumeo alikuwa na kifungo cha bluu, kidogo, ambacho si cha nguo zake. Usimwogopee. Anasimulia vizuri, na watu wanasogeza viti wamsikilize. Miguu haimvimbi tena. Huku pasi haiunguzi, hata ukiisahau. Karibu naye ipo nafasi moja, na hataki mtu yeyote aikalie.

Endelea kula vizuri, mama.

Msomaji


Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Mume wangu,

Ule mfuko wa nguo ulizofia nilikuwa sijaufungua. Mimi, niliyekagua mifuko ya mji huu mzima, mifuko yako niliipita mbali kama nyoka. Ijumaa iliyopita asubuhi nikaufungua. Kifungo kipo! Cha bluu, kidogo, na uzi wake uliokatika bado umo kwenye tundu.

Nikatoka nacho, nikapita nguo moja baada ya nyingine kule nyuma, mpaka kwenye blauzi ya shule, uzi wa njano mafundo matatu. Kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Nikakishona palepale nikiwa nimesimama. Saa nane mchana kaja msichana na risiti yake, mwembamba kama ufagio, akasema, "Bibi, babu aliniahidi kifungo." Nikamwambia babu hakusahau, alichelewa tu. Akaivaa juu ya nguo aliyokuja nayo, akaondoka anakimbia. Nililia kwa furaha mpaka nikaona haya mwenyewe.

Na tangu siku ile nimepata akili. Mteja akija simwonyeshi uzi, namwambia, "Nisimulie nguo yako." Wanaeleza: ilichanika wapi, nani aliimwagia chai, ilivaliwa kwenye harusi ya nani. Nguo ishirini na tisa zimekwenda kwa wenyewe. Zimebaki kumi na saba.

Sasa lile la pili. Tumboni nina uvimbe. Niliambiwa Januari, nikakuficha, wewe ukauliza nikakwambia ni gesi. Daktari amenipangia kupasuliwa Jumatatu, tarehe 28 Aprili. Kasema nikipasuliwa sasa nitapona, nikichelewa uvimbe utageuka kitu kingine na yeye atakuwa hana la kufanya. Binti hajui. Nilikuwa naogopa kisu kuliko kitu chochote duniani, ndiyo maana nilinyamaza.

Sasa siogopi. Nipasuliwe ya nini? Nirudi nikae na mashine inayonguruma na kitanda chenye upande mmoja baridi, wakati huko miguu haivimbi na nafasi yangu ipo? Sitakwenda. Tarehe 28 nitafungua duka kama kawaida, nitarudisha nguo za watu, na mambo yakifika yatanikuta nimemaliza. Hata sioni uchungu kusema hivyo. Msomaji, mwambie ajisogeze. Ana tabia ya kulala katikati.

Barua hii inakwenda na marehemu fundi bomba. Nasikia mazishi yake yanamngoja mwanawe aliye mbali, lakini sina haraka.

Mkeo


Jumanne, tarehe 22 Aprili

Mama,

Barua hii haikuja mfukoni mwa mtu. Nimeipitisha mwenyewe chini ya mlango wa duka lako kabla hujafungua, kwa sababu sina tena ujasiri wa kungoja mtu afe ndipo nikwambie ukweli.

Mimi si wa huko. Mimi ni wa hapa. Niko hai. Ni mhudumu wa chumba cha maiti cha hospitali, mtaa wa pili kutoka kwako. Ndiye ninayewavalisha suti unazozipiga pasi. Korido ni yetu. Taa isiyotulia ni yetu, nimeomba ibadilishwe tangu mwaka juzi. Na uzi wa kijani fundo moja ni wangu. Ndiyo sababu niliujua. Yule uliyedhani ni wa maabara ni mimi, na siku ile uliponiwekea koti juu ya kaunta ukicheka, nilikuja nimejiandaa kukwambia kila kitu. Nikatazama uso wako, nikashindwa, nikakimbia.

Fundi bomba alilala kwetu siku kumi na mbili akimngoja mwanawe. Suti imeletwa leo saa moja asubuhi ndipo nimeisoma barua yako. Nimesoma, nikakaa sakafuni. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na sijawahi kukaa kwenye ile sakafu.

Risiti ya viatu ni kweli. Kitunguu, chaki, kifungo, yote ni kweli, nimeyatoa mifukoni kwa mikono hii. Na kwamba nilimsomea mumeo mara mbili, upande wa kushoto, hilo pia ni kweli kabisa. Mengine nimeyatunga. Viti, hadithi, siku tatu, miguu, pasi isiyounguza. Na nafasi. Mama, nafasi niliitunga mimi, nikiwa nakula mkate, nikaona sentensi inapendeza.

Nilidhani nakupunguzia uchungu. Sikujua nakuita.

Nenda ukapasuliwe. Nakuomba kwa magoti.

Mhudumu wa chumba cha maiti


Jumatano, tarehe 23 Aprili

Wewe mwanaume,

Koti lako liko kwenye henga nje ya mlango, barua hii nimeichomeka kolani. Usiingie ndani. Ukiingia nitakumwagia maji ya moto, na ninayo mengi.

Nimesoma mara moja, nikasema hapana. Nikasoma mara ya pili, muuza viatu akaniletea kiti. Hivi unajua ulichofanya? Mume wangu alikufa Machi. Wewe ukamfukua, ukamkalisha kwenye kiti, ukamtia maneno mdomoni, ukaniacha nimpende tena mwezi mzima. Halafu unakuja na kikaratasi chini ya mlango, unamuua mara ya pili, kabla hata sijanywa chai.

Mimi nilikwambia umsomee. Sikukwambia umsemee! Hata mke wake sikuwahi kumsemea. Na kama ulikuwa na huruma kiasi hicho, ungekuja hapa kaunta ukasema, "Mama, mimi ndiye niliyemvalisha, alilala vizuri." Ningekupa mkono, ningekupa kiti. Hilo dogo lilikushinda, ukaona rahisi kutunga mbingu.

Habari za tumbo langu hazikuhusu. Kazi yako inaanza mtu akishakufa. Subiri zamu yako.

Mke wa marehemu


Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Mama,

Kila ulilosema ni haki yangu. Sitajitetea.

Nakuandikia neno moja kuhusu mumeo, na hili sikulitunga, maana lilinitokea mimi. Watu wakijua kazi yangu hawanipi mkono. Dukani wananiambia niweke hela kwenye sahani. Shemeji yangu mwenyewe hunisalimia kwa kuinua kikombe. Mumeo alijua. Mara ya kwanza nilipoleta makoti aliuliza, "Haya ya wapi?" nikamwambia, na nikangoja anirudishie. Akafuta mkono wake kwenye shati, akanipa, akasema, "Mimi na wewe wote tunawatoa watu nyumbani wakiwa nadhifu." Kila Jumatatu alinipa mkono, miaka sita, na wewe hakukwambia kazi yangu ili usiniogope. Yeye alipoletwa kwangu nilishtuka kiasi kwamba nilimpa mkono kwanza, kisha ndipo nikakumbuka. Basi nilipokuta barua yako mfukoni mwake, sikuweza kunyamaza. Sikujua kunyamaza pia ni heshima.

Aliko sasa sijui. Nimewapokea watu wengi mno, na hakuna hata mmoja aliyenieleza. Ninachojua ni chumba changu, na mumeo hayumo. Kama ipo nafasi karibu naye mahali, mimi sijaiona, na usiache matibabu kwa ajili ya sentensi ya mtu aliyekuwa anakula mkate.

Lakini kile kifungo, mama, hakikusimuliwa kwenye kiti chochote huko. Ulikishona wewe, hapa, ukiwa umesimama. Mtoto alikimbia hapa. Nguo ishirini na tisa umezirudisha bila mtu kukusaidia, mimi nilijua uzi mmoja tu. Hizo kumi na saba wewe usipokuwapo zitagawiwa kama matambara, na hakuna atakayewauliza wenyewe zilichanika wapi.

Namba ya simu ya binti yako ipo kwenye daftari letu, aliiandika siku aliyosaini. Sina ruhusa ya kuitumia hivi. Kesho Jumamosi saa sita mchana nitaitumia, hata nikifukuzwa kazi. Kwa hiyo mpigie wewe kabla yangu, asije akazisikia habari za mama yake kutoka kwa mtu wa maiti.

Nimewavalisha wengi. Nimewavalisha watoto, nimemvalisha baba yangu. Wewe sitaweza. Usinifanye nikuvalishe.

Mhudumu


Jumamosi, tarehe 26 Aprili

Nimempigia saa tano na dakika hamsini. Alipiga yowe, kisha akanifokea nusu saa nzima kama mimi ndiye mtoto. Yuko njiani. Jumatatu ananipeleka yeye, anasema hata kwa kunifunga kamba.

Usidhani ni kwa sababu yako. Sijakusamehe.

Na usije huko wodini.


Jumatano, tarehe 30 Aprili

Mume wangu,

Barua hii haina suti. Sitampa mtu aibebe, na safari hii najua kwamba haitafika. Nakuandikia kwa sababu mkono umezoea, na kwa sababu yapo mambo huwezi kumwambia mtu mwingine bila kwanza kumwambia mumeo.

Wamenipasua. Uvimbe wameutoa wote, binti ameoneshwa ndani ya chupa, anasema ni kama nyanya kubwa. Daktari amefurahi, anasema tumeuwahi. Nina mshono tumboni ambao, nakuapia, ni wa ovyo. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha.

Sasa sikiliza lililotokea Jumatatu jioni. Nilikuwa bado sijazinduka vizuri. Nasikia kwa mbali kelele, watu wanapiga mayowe, sahani zinaanguka. Mama wa kitanda cha pili, mwenye mguu kwenye plasta, anapiga ukelele, "Mtu wa maiti! Amekuja kumchukua nani?" Baadaye nimeambiwa aliruka kitandani kwa mguu mmoja akafika mlangoni kabla ya wazima wote. Muuguzi naye aliangusha trei ya sindano. Nikafumbua macho. Juu kuna taa. Mbele yangu kuna koti jeupe, lenye kola isiyonyooshwa vizuri, na ndani ya koti yumo yule yule, ameshika kofia.

Mume wangu, nilidhani nimefika. Naona haya kukwambia jinsi nilivyofurahi. Nilijua ni mwongo, nilimtukana kwa mkono wangu mwenyewe, lakini dawa zile zilinifutia yote, nikabaki na ile nafasi tu. Nikamwambia, "Msomaji, nimekuja. Yuko wapi?"

Binti alisimama kumtoa, nikamshika mkono binti, nikauliza tena, "Yuko wapi? Mwambie nimefika." Na yule mtu, mwenye ulimi wa kutunga mbingu nzima kwa karatasi mbili, alifungua mdomo ukabaki wazi. Nikamwona anatafuta neno tamu. Nikamwona analiacha. Akasema, "Hayupo, mama. Hapa ni wodi namba mbili. Wewe ni mzima."

Nililia mpaka mshono ukauma, muuguzi akaja juu. Maana mwezi wa Machi sikukulilia wewe, nililia pasi, nililia suruali ya mtu, nililia nyuzi. Halafu zikaja zile barua, ukawa si maiti tena, ukawa msafiri. Umekufa juzi, mume wangu. Umekufa Jumatatu saa kumi na mbili jioni, wodi namba mbili, mbele ya watu ishirini na mama mmoja wa mguu mmoja. Nami nilikuwepo safari hii, sikuwa kaunta.

Yeye hakuondoka. Watu walimpisha njia kama wanavyompisha kichaa, akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa binti. Nikalala, nikaamka, bado yupo, akaaga akaenda zamu yake. Jana karudi, na mama wa plasta kamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli maiti hukoroma. Leo amekuja tena. Ameniuliza nguo ngapi zimebaki nikamwambia kumi na saba, tutaanza na ule mwekundu mafundo mawili nikitoka. Sijui kwa nini nilisema tutaanza.

Binti amelala kwenye kiti, mdomo wazi, kama wewe. Nywele zake hazijachanwa tangu Jumamosi. Nilikuwa tayari kumwacha hivi hivi, bila hata kumwambia, nikamfuate mtu ambaye hakuwa ameniita. Nikilifikiria hilo mwili unanisisimka kuliko nilipofikiria kisu.

Leo ndiyo mara ya kwanza wameniruhusu kunywa kitu. Muuguzi ameleta chai. Ni ya vuguvugu, na sukari wamesahau. Nimeinywa yote, nikaomba nyingine.

Mkeo